Kuhama, kushika mbili au kubaki: jukwaa la programu yako linapoanza kufa

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994 kampuni ya Commodore ilitangaza kwamba inafunga na mali zake zitauzwa kulipa wadai. Waliokuwa wakiandika programu za kompyuta yake, Amiga, hawakushtuka sana. Wengi walikuwa wameshafungasha, wengine wakabaki miaka kadhaa zaidi. Nimewafuatilia watu hawa kwa muda mrefu, pamoja na wenzao wa majukwaa mengine yaliyokufa, yaani mashine au mifumo ambayo programu huitegemea, kama NeXT, BeOS na Symbian ya Nokia, kwa sababu nami niliwahi kusimama mahali walipokuwa: programu inafanya kazi, wateja wapo na wanaipenda, lakini mashine yenyewe inatoweka madukani.

Mtu akifika hapo, ushauri anaopewa haraka ni kwamba soko kubwa liko kule, ahamie kule. Mimi ukubwa wa soko nautazama baadaye. Kwanza natazama pengo: huko unakokwenda, wenyeji wamekosa nini ambacho wewe unacho? Naweka hapa waliohama, walioshika mbili na waliobaki, bega kwa bega, upime mwenyewe uko karibu na nani.

Waliohama: DMA Design na Gobe

David Jones wa Dundee, Scotland, alinunua Amiga yake kwa kiinua mgongo alichopata kiwanda cha Timex kilipompunguza kazi. Mwaka 1991 kampuni yake, DMA Design, ikatoa Lemmings kwenye Amiga, kisha gemu hiyo ikahamishiwa karibu kila mashine iliyokuwa ikiuzwa wakati ule. Soko la Amiga liliponywea, hawakwenda PC, kompyuta za aina ya IBM, kuuza kitu ambacho PC ilikuwa nacho tayari. Mwaka 1997 walitoa Grand Theft Auto kwa PC, na PlayStation ikafuata: mji mzima unautazama kutoka juu, unaingia gari lolote unalolitaka, unakwenda upendako. Wenye PC hawakuwa na gemu ya namna ile. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na huyu mgeni alikuja na dawa mkononi.

Vijana wa Digital Illusions kutoka Växjö, Sweden, walipita njia inayofanana. Mwaka 1992 walikuwa na Pinball Dreams ya Amiga. Miaka kumi baadaye walikuwa na Battlefield 1942 ya PC, uwanja wa vita ambamo wachezaji wengi wanaingia pamoja kupitia mtandao. Walichobeba kutoka Amiga ni ustadi wa kuibana mashine hadi itoe tone la mwisho, na ustadi huo hauna jukwaa.

Sasa waweke Gobe pembeni yao. Hawa nao walikuwa mafundi wa kweli. Baadhi yao ndio walioandika ClarisWorks, programu ya kazi za ofisini kwenye Macintosh, kompyuta ya Apple. Waliingia kwenye BeOS, mfumo endeshi wa Be, kampuni ya Jean-Louis Gassée, na mwaka 1998 wakatoa Gobe Productive. Ukurasa mmoja ulibeba maandishi, jedwali la hesabu na mchoro, bila kufungua programu tatu. Kwenye BeOS walikuwa wafalme kwa sababu mtumiaji hakuwa na chaguo la maana zaidi yao. Mwaka 2001 Be ikauzwa kwa Palm kwa dola milioni 11, na Gobe wakaihamishia kazi yao Windows, soko kubwa kuliko yote.

Programu ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzuri hata kwenye Windows. Lakini mtu wa Windows alikuwa na Word na Excel, mara nyingi amevikuta kwenye kompyuta siku aliyoinunua, na kila barua aliyotumiwa na mwenzake ilikuwa faili la Word. Kulikuwa na mamilioni ya watu na hakukuwa na pengo. Gobe hawakudumu.

Kwa hiyo usihesabu vichwa peke yake. Vaa viatu vya mtumiaji wa kule na ujiulize anafanya nini leo bila wewe. Kama jibu ni "anatumia kitu kingine na ameridhika", hapo uwe mwangalifu sana, hata kama programu yako ni bora mara mbili.

Wakati nao una uzito. WordPerfect ilitawala uandishi kwenye DOS, mfumo wa PC uliotangulia Windows. Windows 3.0 ilitoka Mei 1990, lakini WordPerfect ya Windows haikuonekana hadi mwishoni mwa 1991, ilhali Word ya Windows ilikuwa imetangulia tangu 1989. Mwaka na nusu unaonekana mfupi. Kwa ofisi iliyokwisha kununua Word, kufundisha makarani wake na kuhifadhi kabati zima la nyaraka, ni muda wa kutosha kufunga mlango.

Kabla ya kuhama: msimbo wako umefungwa wapi?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi hudanganyika. Wakisema "tutaihamisha programu" huwaza kama mtu anayehamisha kabati kutoka chumba hiki kwenda kile. Mara nyingi kabati limejengewa ukutani.

Chukua picha ya Amiga. Haikuhifadhiwa kama shanga kwenye uzi, kila nukta na rangi yake. Ilihifadhiwa kama karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimewekwa moja juu ya nyingine. Rangi 32 zilihitaji karatasi tano, na kubadilisha rangi ya nukta moja kulimaanisha kugusa karatasi zote tano. Kwa gemu za kukimbia kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine mpangilio huu ulikuwa neema, kwa sababu ndani ya Amiga kulikuwa na chipu maalumu za kusogeza vipande vya picha huku prosesa ikiendelea na mambo mengine. PC ilikuwa kinyume chake. Skrini yake ya VGA yenye nukta 320 kwa 200 ilikuwa na baiti moja kwa kila nukta, jumla baiti 64,000, na prosesa ikiandika humo moja kwa moja, yenyewe, bila msaidizi.

Desemba 1993 gemu ya Doom ikatoka kwenye PC. Inachora kuta na sakafu nukta kwa nukta, kila nukta ikikokotolewa peke yake. Kwa PC hiyo ni kazi ya kawaida. Amiga 1200, mashine ya 1992 yenye prosesa ya 14 MHz na RAM ya megabaiti 2, ililazimika kuchora kwa mtindo wa PC kwanza, halafu kuivunja ile picha iwe karatasi nane, kwa rangi 256, na kurudia hivyo kwa kila picha inayopita mbele ya macho. Ubunifu uliokuwa fahari ya Amiga mwaka 1985 ukawa mzigo. Mwandishi aliyejenga gemu yake nzima juu ya zile chipu hakuwa na cha kuhamisha, aliandika upya.

Hata namba tupu zilileta balaa. Andika 300 kwa baiti mbili: 256 mara moja, inabaki 44. Prosesa ya Motorola ya Amiga huanza na baiti kubwa, inaandika 1 kisha 44. Prosesa ya Intel ya PC huanza na ndogo, inaandika 44 kisha 1. Lichukue faili la Amiga, lisome kwenye PC bila kugeuza mpangilio huo, na 300 yako inasomeka 11,265. Programu haianguki wala haitoi onyo. Inaendelea tu na kazi, ikiwa na namba za uongo, na wewe unakesha ukitafuta kosa kwenye hesabu ambazo hazina kosa.

NewTek wa Kansas walilipitia hili kwa upana wake. Mwaka 1990 walitoa Video Toaster, kadi iliyoigeuza Amiga kuwa kituo cha kuchanganyia picha za televisheni. Kadi hiyo ilichomekwa kwenye tundu la video la Amiga na ilitegemea mashine hiyo inavyokwenda sambamba na mawimbi ya televisheni. Haikuwa kitu cha kubebwa kwenda PC kwa wiki mbili. Lakini ndani ya sanduku hilo kulikuwa na programu ya kuchora vitu vya pande tatu, LightWave, iliyotumika pia kwenye picha za mfululizo wa televisheni wa Babylon 5. Hiyo ilikuwa hesabu tupu, na hesabu inasafiri. Katikati ya miaka ya 1990 LightWave ilitenganishwa na Toaster na kupelekwa Windows, na kazi ya video ya NewTek ikajengwa upya huko kwa muda wake. Maxon wa Ujerumani walifanya vivyo hivyo na Cinema 4D: ilianzia Amiga, mwaka 1996 ikahamia Windows na Macintosh, na leo ni zana ya kila siku ya wachoraji wa filamu na matangazo.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, hesabu za programu yako zinaweza kukimbia bila skrini? Ondoa vitufe, menyu na rangi. Ipe faili la data, uone kama inatoa majibu sahihi. Kama ndiyo, una LightWave mkononi, na kuhama ni kazi ya miezi. Kama kila hesabu imeandikwa ndani ya kitufe, una Toaster. Usijidanganye kwamba unahamisha. Panga muda na fedha za kujenga kitu kipya.

Walioshika mbili

Mshika mbili moja humponyoka, tumeambiwa tangu utotoni. Kwenye programu methali hii ni ya kweli kwa aliyeshika mbili bila mwisho. Aliyeshika mbili kwa muda maalumu mara nyingi hufika salama.

Team17 wa Yorkshire, Uingereza, ndio mfano ninaoupenda. Worms ilianza kama kazi ya kijana mmoja, Andy Davidson, aliyeiandika kwa lugha ya Blitz Basic kwenye Amiga. Mwaka 1995 Team17 waliitoa kwenye Amiga na pia kwenye PC na mashine nyingine za gemu, Commodore ikiwa tayari imekufa mwaka mzima. Hawakusubiri Amiga izikwe ndipo waanze kujifunza PC, wala hawakuwatupa watu wa Amiga siku ya kwanza. Mwaka 1997 waliwaachia Worms: The Director's Cut, toleo la Amiga peke yake, halafu wakaenda zao. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la London.

Gharama yake usiipuuze. Majukwaa mawili ni hitilafu za aina mbili, majaribio mara mbili, na simu za wateja wa aina mbili ambao swali lao linafanana na jibu lake halifanani. Ukiwa peke yako, au mko wawili, weka tarehe ya kuacha la zamani na uwaambie wateja mapema.

Na anayeachilia upande mmoja ajue kwamba kiti hakibaki wazi. Mwaka 2003 Adobe waliacha kutengeneza Premiere, programu yao ya kuhariri video, kwa Macintosh. Final Cut Pro ya Apple yenyewe, iliyoanza 1999, ilikuwa pale na ikachukua wahariri wa video wa Macintosh. Premiere ilirudi Macintosh mwaka 2007, ikiwakuta watu wameshazoea mkono mwingine.

Waliobaki

Hii ndiyo njia inayodharauliwa, nami naitetea kwa masharti.

NeXT, kampuni aliyoianzisha Steve Jobs 1985, ilianza kuuza kompyuta zake mwaka 1988 na ikaacha kuzitengeneza mwaka 1993. Zilikuwa mashine za ajabu. Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza cha wavuti kwenye mojawapo pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya. Lakini wanunuzi walikuwa wachache mno. Lighthouse Design walikuwa miongoni mwa watengenezaji programu bora wa NeXT. Mwaka 1996 walinunuliwa na kampuni ya kompyuta ya Sun, wakapelekwa kwenye kazi za Java, lugha ya programu ya Sun, na programu zao nzuri zikawekwa kabatini. Watu wenyewe hawakupotea. Mmoja wao, Jonathan Schwartz, alikuja kuwa mkuu wa Sun yote mwaka 2006.

Omni Group wa Seattle walibaki. Desemba 1996 Apple ikatangaza kuinunua NeXT, na mfumo wake ukawa msingi wa Mac OS X. Lugha ya Objective-C, ya kuandikia programu za NeXT, ambayo Omni walikuwa wakiiandika wakati wengi wameikimbia, ikawa ndiyo lugha ya kuandikia programu za iPhone duka la App Store lilipofunguliwa Julai 2008. Leo bado wapo.

Ukisikia habari hii utatamani kubaki. Subiri kwanza uone walichokuwa wakila. Katika miaka mikavu Omni walifanya kazi za mikataba, wakiyaandikia programu makampuni makubwa yaliyokuwa yamenunua NeXT, kama McCaw Cellular ya simu. Fedha ilitoka kwa wateja wachache wenye uwezo ambao nao walikuwa wamefungwa kwenye jukwaa hilohilo. Amiga haikuwa na wateja wa namna hiyo kwa waandishi wa gemu. Ilikuwa na vijana wenye flopi, na flopi zilinakiliwa bure kutoka nyumba moja hadi nyingine. Ukitaka kubaki, taja kwa majina wateja watakaokulipa miaka mitatu ijayo. Kama huwezi kuwataja, unachokiita uaminifu ni kuchelewa tu.

Tofauti ya leo: flopi na duka

Mtu wa Amiga aliyeamua kubaki baada ya 1994 aliweza kunakili flopi zake, kila moja ya kilobaiti 880, na kuziuza kwa posta hadi achoke. Kufa kwa Commodore hakukumfungia mlango. Siku hizi ufunguo uko kwa mwenye duka. Nokia walipoliacha jukwaa la Symbian, mfumo wa simu zao, kuanzia tarehe 1 Januari 2014 duka lao lilikoma kupokea programu mpya na hata marekebisho ya zile za zamani. Simu zilikuwa bado mikononi mwa watu wengi sana, kwetu Afrika Mashariki pia, lakini mwandishi aliyegundua kosa Februari hakuwa na pa kupitishia dawa yake dukani. Kisha huduma kubwa zikaondoka. WhatsApp iliacha Symbian mwaka 2017, simu za Nokia S40 mwisho wa 2018, na Windows Phone mwisho wa 2019.

Ndiyo maana dalili ninayoiogopa kuliko kushuka kwa mauzo ni barua ya mwenye jukwaa kuhusu zana na duka. Mauzo yakishuka una miaka. Barua hiyo ikija, una miezi.

Basi, uchague ipi?

Kama unacho kitu wasichokuwa nacho kule, na hesabu zako zinasafiri, hama sasa, kabla wengine hawajaliziba pengo. Kama unacho lakini msimbo umefungwa kwenye mashine, shika mbili: la zamani likulishe ukijenga jipya, na tarehe ya kuacha iwe imeandikwa. Kama ulichonacho kimejaa kule, usiende na programu hiyo. Nenda na ustadi wako, ukatengeneze kitu kingine. Na kama una wateja wanaolipa na wasiohama, baki nao na uwatoze bei ya haki, kwa sababu watengenezaji wanavyopungua ndivyo unavyozidi kuwa adimu kwao.

Mimi nilishika mbili. Nilikuwa na programu ya Java ya kutunza hesabu za vikoba, ikikimbia kwenye simu za vitochi zenye skrini ya nukta 128 kwa 160: hisa, mikopo, marejesho, mfuko wa jamii. Vijana walirushiana kwa bluetooth. Simu janja zilipoanza kushuka bei nilitafuta kwenye Android na sikukuta ya Kiswahili iliyofuata utaratibu wa vikoba vyetu, kwa hiyo pengo lilikuwepo. Hesabu zilihamia kwa majuma machache. Kitu kimoja sikukiwaza kabisa.

Mweka hazina mmoja, mama wa makamo, alikuja na simu mbili: kitochi chake, na simu janja ambayo kikundi kilimnunulia. Nilimwamkia, akaitikia, akaviweka vyote viwili mezani.

"Mwanangu, hesabu zetu zimo humu. Nataka ziende humu."

Zilikuwa ndani ya hifadhi ya programu kwenye kile kitochi, mahali ambapo programu nyingine haiwezi kuchungulia, na ukiifuta programu nazo zinafutika. Sikuwa nimeandika njia ya kuzitoa. Tulikaa kuanzia saa tatu asubuhi, yeye akisoma kwenye kitochi jina kwa jina, wanachama ishirini na nane, hisa za kila wiki za karibu mwaka mzima, mimi nikiandika daftarini kisha kwenye simu mpya. Kufikia saa nane alikuwa ameshika kichwa. Mara mbili jumla ilikataa, tukarudi nyuma, tukakuta nimeandika 6,000 pahala pa 9,000.

Jioni ile, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, nilifungua msimbo wa Android nikaandika kitufe cha kutoa kila kitu, kila mwanachama na kila shilingi, kwenye faili moja la maandishi matupu ambalo hata daftari linaweza kulipokea. Nikakiweka ukurasa wa kwanza, chini ya jina la kikundi.